Egemeo Chini ya Msalaba: Namna ya Kupima Gemu ya Mkononi

Gemu ndogo za mkononi zinazonadiwa kuwa na michezo 400 ndani yake, ambazo siku hizi huonekana hata katika maduka ya kando ya barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga kama yale ya Mpui, husifiwa kwa ung'avu wa kioo, kwa wingi wa michezo na kwa betri inayokaa na chaji. Msalaba wa mielekeo, yaani kile kitufe chenye mikono minne ambacho dole gumba la kushoto hukibonyeza ili kumwelekeza mhusika juu, chini, kushoto au kulia, haukaguliwi na mtu yeyote. Sifa za namna hiyo zinapotosha, na zinapotolewa kwa kifaa ambacho mhusika wake hutumbukia shimoni bila kosa la mchezaji, zinamdhulumu mnunuzi, hasa kijana aliyedunduliza fedha zake na ambaye mwishowe atajiona hana ustadi.

Gemu inayofichua ubovu huo kuliko nyingine zote ni ya majukwaa, yaani ile ambayo mhusika hukimbia na kuruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na ndiyo iliyouzaa msalaba wenyewe. Mwaka 1982 Gunpei Yokoi, wa kampuni ya Nintendo ya Japani, alihitaji kumwendesha mhusika wa Donkey Kong katika kifaa cha Game & Watch chenye kukunjwa, ambamo jostiki, yaani kijiti cha kuongozea kinachosimama wima, isingepata nafasi; akabuni kitufe kimoja bapa chenye mikono minne. Kitufe hicho kilihamia katika mashine ya Nintendo ya Famicom mwaka 1983, na katika Game Boy mwaka 1989.

Kwa nje huonekana plastiki tu. Chini yake kuna mpira laini wenye vibonge vinne vilivyopakwa kaboni, na chini ya mpira kuna bodi ya umeme, hivyo mkono mmoja ukibonyezwa kaboni hugusa njia za shaba zilizo juu ya bodi na umeme hupita. Hayo hata kifaa duni kinayo. Kinachotenganisha kazi ya fundi na kazi ya mlaghai ni egemeo, yaani kinundu cha mviringo kilicho katikati ya msalaba kwa upande wa chini, ambacho huufanya msalaba upembee, ili mkono wa kulia unaposhuka ule wa kushoto uinuke. Pasipo egemeo, au likiwa fupi hata kwa unene wa ukucha, msalaba mzima huzama chini ya dole, pande zinazopingana huweza kugusa kwa pamoja, na dole lililokusudia kulia hubonyeza chini pia. Kosa hilo la mwisho ndilo mshazari wa uongo, kwa kuwa mashine husoma mwelekeo wa mshazari ambao mchezaji hakuutaka. Watunzi wa gemu wa zamani waliliamini egemeo kiasi kwamba hawakujikinga: katika Zelda II ya mwaka 1987, kulia na kushoto vikibonyezwa kwa wakati mmoja, mhusika wake, Link, huchomoka kwa kasi ambayo gemu haikupangiwa.

Mgeni wa mambo haya huuona mshazari wa uongo kuwa dosari ndogo. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ambayo hukutwa mara kwa mara katika mikusanyo hiyo ya michezo mingi, inaonyesha ukubwa wake. Programu yake imeandikwa hivi kwamba Mario akiwa ardhini, na mashine ikasoma chini pamoja na kulia au kushoto, mielekeo yote miwili hufutwa, kana kwamba mchezaji ameinua dole. Mario hasimami papo hapo bali hupoteza kasi polepole, na kwa kuwa kimo cha mruko hutegemea kasi ya mbio, mruko unaofuata huwa mfupi. Mchezaji aliyeshika kulia muda wote, akaruka mahali panapostahili, humwona Mario akipungukiwa kidogo tu na ukingo wa pili, na hakuna alama yoyote kwenye kioo inayomwambia kwamba aliyekosea ni msalaba.

Nintendo ilipata hataza ya msalaba wake Marekani mwaka 1987, na kampuni nyingine zikalazimika kutafuta maumbo mengine. Sony, katika PlayStation ya mwaka 1994, iliweka kile kinachoonekana kuwa vitufe vinne, kumbe chini ya kifuniko ni kipande kimoja kinachopembea, na hiyo ni kazi ya heshima. Walaghai hufanya kinyume chake, kwa kupachika juu ya mpira msalaba mzuri wa kutazama lakini usio na egemeo. Ufipa, nchi ya Mpui na Sumbawanga, isingestahili kudanganywa na sura ya nje, kwa kuwa wahunzi wake wa zamani hawakukihesabu chuma kilichotoka katika tanuru refu la ilungu kuwa kimekwisha, bali walikirudisha motoni katika tanuru dogo la kintengwe ili kukisafisha kabla ya kukifua jembe. Hataza ile ilikwisha muda wake mwaka 2005, kwa hiyo uzembe wa leo hauna udhuru.

Msalaba wa gemu za majukwaa haupaswi kutoa mlio. Ule wa Nintendo DS Lite ya mwaka 2006 unashuka kimya na kurudi kwa upole, ilhali ule wa DSi, iliyofuata mwaka 2008, unaalika kila ukibonyezwa na kulichosha dole. Plastiki ya msalaba iwe kavu, isiyong'aa, na kingo za mikono zisikwaruze. Game Boy ya kwanza, nzito na ya kijivu, ilitimiza yote hayo, na vifaa vingi vilivyoifuata havijaifikia.

Dukani, mnunuzi abonyeze katikati ya msalaba, na ukizama wote hadi chini, akirudishe kifaa. Kisha akimbize Mario kulia huku akilizungusha dole kidogo kuelekea chini, na kasi ikipungua mapema, dosari imethibitika. Aliyekwisha kununua anaweza kumwomba fundi simu afungue kifaa na kufunika kwa utepe mwembamba sehemu ndogo ya njia za shaba chini ya mkono wa juu na wa chini, ili kaboni ichelewe kugusa. Mshazari wa kweli utakuwa mgumu zaidi kuupata, lakini katika gemu za majukwaa hasara hiyo inavumilika.