Lafudhi na Majina ya Miji katika Tamthilia na Ushairi wa Kenya

Msemaji akwamapo katika neno la kawaida aweza kulikwepa. Asiyeimudu sauti ya kwanza ya "shughuli" ana "kazi" ya kumwokoa. Jina la mji halina kisawe. Anayetaka kutaja Naivasha hana budi kuitaja, na katika kuitaja hudhihirisha alikolelewa na lugha aliyoanza nayo. Hii ndiyo sababu watungaji wa tamthilia na vichekesho vya Kenya wamelipenda mno jina la mji. Likitiwa kinywani mwa mhusika, watazamaji humjua kabila kabla hajamaliza sentensi, wakacheka. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza desturi hiyo, na kuuliza kama hukumu iliyomo ndani yake, yaani kwamba mhusika "ameliharibu" jina, ina msingi wowote.

Tuichukue hiyo Naivasha. Dholuo haina sauti /v/ wala /sh/. Kwa hiyo si ajabu mhusika wa Kiluo akiambiwa aseme "Naifasa". Watazamaji hucheka kwa kuwa wao wanadhani wanalijua jina lenyewe. Lakini jina hilo ni la Kimaasai, Enaiposha, na ndani yake hamna /v/ hata kidogo. Hiyo /v/ ililetwa na masikio ya wageni walioliandika katika ramani, na sisi tukaisoma jinsi ilivyoandikwa. Basi mtangazaji wa redio asemaye "Naivasha" kwa ufasaha wote naye anasema kwa lafudhi; tofauti ni kwamba lafudhi yake imepigwa chapa na ya mwenzake haikupigwa. Vivyo hivyo, Mluo asemapo "Kisumo" hakosei jina la Kisumu. Mji ni wa kwao, na hapo sisi wengine ndio wenye lafudhi.

Hapana budi hapa tumtaje marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, na ambaye kwa miaka mingi aliigiza kama Mzee Ojwang' katika mchezo wa televisheni wa Vitimbi. Wanjau alikuwa Mgikuyu, na mhusika wake alisema Kiswahili cha lafudhi ya Kiluo. Wengi walimsifu kwa kuchekesha tu, nasi twaona sifa hiyo haitoshi. Lililo kubwa katika uigizaji wake ni kwamba lafudhi ilikuwa na kanuni, haikuwa rundo la makosa yaliyookotwa ovyo. Isitoshe, kicheko kilitoka katika tabia ya mzee yule, ubishi wake na ujanja wake, na lafudhi ikawa vazi lake la kila siku. Waigaji waliomfuata, wengi wao, wamelichukua vazi wakamwacha mtu. Mhusika wao huingia jukwaani, akataja miji mitatu minne kwa matamshi yaliyopindwa, watu wakacheka, akatoka. Huo si usanii. Na madhara yake hayaishii jukwaani, kwa maana mtoto aliyechekwa darasani kwa kusema "Ramu" badala ya "Lamu" (Kigikuyu hakina /l/) hujifunza upesi kwamba kunyamaza ni salama kuliko kusema Kiswahili.

Baadhi ya makosa haya, tena, hutokana na herufi zenyewe. Thika ni mfano mzuri. Mwenye kujua Kiswahili huisoma th kama ilivyo katika "thelathini", kwa kuwa ndivyo tulivyofunzwa. Katika Kigikuyu th huwakilisha sauti ya dh kama ilivyo katika "dhahabu". Kwa hiyo tahajia moja imebeba sauti mbili, na Mswahili anayesoma kwa uaminifu mkubwa ndiye anayepotea zaidi. Machakos nayo ilitokana na jina la Masaku, kiongozi wa Wakamba. Ch na s ya mwisho ni ya masikio ya Waingereza. Kisha Mswahili, asiyeipenda silabi inayoishia na konsonanti, akaongeza irabu yake: "Machakosi". Eldoret imepata "Eldoreti" kwa njia hiyo hiyo, ingawa wenyeji wengi hawajishughulishi na mjadala huo. Wao husema "Sisibo", kwa kukumbuka shamba nambari 64 ambapo mji ulianzia.

Pwani mambo ni ya namna nyingine, maana huko jina la kienyeji lina fasihi nyuma yake. Wenyeji wa Lamu husema Amu, lahaja yao ni Kiamu, na hata neno "mji" kwao ni "mui". Mombasa ni Mvita. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, maumbo haya yamezoeleka kuhesabiwa kuwa ya kishairi, kana kwamba hutumika kwa ajili ya mapambo au kwa kubanwa na mizani. Dai hilo la mizani halisimami. Amu ni mizani miwili, na Lamu ni miwili. Mvita ni mizani mitatu, kwa kuwa m yake ni silabi kamili, na Mombasa ni mitatu pia. Mshairi anaweza kubadilisha jina moja kwa jingine bila ya kupoteza chochote isipokuwa kina: -ta humpa "vita" na "pita", -sa humpa "sasa" na "kisa". Kwa hiyo pale ambapo Mvita imewekwa katikati ya kipande, pasipo na kina cha kulindwa, mhakiki hana ruhusa ya kusema mshairi alibanwa. Alichagua. Amesema kama asemavyo mtu wa mji ule, na uhakiki unaomrekebisha kwa kumwandikia Mombasa katika maelezo, bila neno lolote juu ya uchaguzi huo, umeacha sehemu ya maana nje.

Hatusemi kila jina lirudishiwe umbo lake la kale. Barua za posta na vibao vya barabarani vinahitaji umbo moja. Tunalodai ni dogo kuliko hilo. Wachapishaji wa vitabu vya shule waiache ritifaa ya Murang'a mahali pake, kwani ikidondoshwa mtoto wa Kwale au wa Busia atasoma ng kama ya "ngoma", na hatakuwa na njia ya kujua kwamba wenyeji hawasemi hivyo. Nao wahariri wa tamthilia, kabla ya kupitisha mhusika anayetajwa tu kwa lafudhi yake, wayasome maneno yake kwa Kiswahili Sanifu na kuangalia kama pamesalia mtu.