Msukumo, Mruko na Mshindo: Dosari za Istilahi katika Mwongozo wa Bunduki

Kipimo cha tafsiri ya mwongozo wowote wa kazi ni kimoja: je, msomaji wake atatenda lilelile ambalo angelitenda msomaji wa lugha ya asili? Kwa kipimo hicho tumeisoma tafsiri ya mwongozo mmoja wa Kimarekani iliyoletwa mezani petu. Mwongozo huo unaeleza jinsi ya kuituliza bunduki nyepesi ya kuulia wanyama waharibifu pindi inapofyatuliwa. Hatumtaji mfasiri, kwani nia yetu si kumvunja moyo. Kiswahili chake ni fasaha, na makosa tutakayoyaonyesha yangaliweza kumpata yeyote miongoni mwetu.

Kosa la kwanza ni dogo. Wanyama wanaokusudiwa ni kama vile kindi wa ardhini wachimbao mashimo katika malisho ya magharibi ya Marekani, na koyoti, mnyama wa huko aliye jamii ya mbwa. Mfasiri amewaita wote "wadudu waharibifu". Bila shaka amezoea maandishi ya kilimo, ambamo maneno hayo mawili huandamana kila mara. Lakini hakuna apigaye mdudu kwa risasi ya .223 Remington. "Wanyama waharibifu" latosha, nalo limekwisha kuzoeleka katika maandishi yetu ya wanyamapori.

Kosa la pili ni zito zaidi. Bunduki ikifyatuliwa hutokea mambo mawili, wala si moja. Kwanza, risasi na gesi ya baruti vikienda mbele, bunduki yenyewe hurudi nyuma. Bunduki ya kilo 3 ikitoa risasi ya gramu 3.56 kwa mwendo wa mita 990 hivi kwa sekunde, kwa baruti ya gramu 1.7 hivi, hurudi begani kwa mwendo wa karibu mita 2 kwa sekunde. Ingekuwa na uzito maradufu, ingerudi kwa nusu ya mwendo huo. Pili, kwa kuwa mtutu uko juu kidogo ya mahali kitako kinapogusa bega, nguvu hiyohiyo huizungusha bunduki, na mdomo wake hupanda. Kwa mwindaji anayelenga mnyama mdogo aliye umbali wa mita 200 au zaidi, jambo hili la pili ndilo limsumbualo hasa, maana shabaha hutoka katika darubini naye haoni risasi yake ilipotua.

Mambo yote mawili mfasiri ameyaita "mshtuko". Matokeo yake ni kwamba mwongozo sasa wasema kuwa mitobo ya kando ya mtutu hupunguza mshtuko, na mitobo ya juu hupunguza mshtuko. Kwamba uzito ukiongezwa kitakoni hupunguza mshtuko, na ukiongezwa mdomoni hupunguza mshtuko. Msomaji achague lipi? Asili inatofautisha. Mitobo ya kando huigeuza gesi isiende mbele, na kwa hiyo bunduki hairudi kwa nguvu. Mitobo ya juu huitoa gesi kuelekea juu, nayo huukandamiza mdomo chini. Uzito popote uwekwapo hupunguza kurudi, lakini ukiwa mdomoni huzuia zaidi kupanda. Dhana mbili zikifunikwa kwa neno moja, mafundisho yote hupotea.

Rai yetu ni kwamba dhana ya kwanza iitwe "msukumo wa nyuma", na ya pili "mruko wa mdomo". Tulifikiria neno "teke", lakini tunaliona ni la mazungumzo. Tulifikiria pia "mwinuko", tukaliacha: neno hilo limekwisha kushika kazi ya kutaja kimo cha ardhi, na katika fani ya mizinga lingeweza kudhaniwa ni kule kuinua mtutu kwa makusudi wakati wa kulenga. "Mruko" laonyesha jambo la ghafla lisilotakwa, na hiyo ndiyo maana inayohitajika.

Kosa la tatu ni la hatari. Kifaa kifungwacho mdomoni ili kuielekeza gesi kando, mfasiri amekiita "kipunguza mshindo". Yeye alikusudia mshindo kwa maana ya nguvu ya pigo, na maana hiyo imo katika lugha yetu. Lakini mshindo wa bunduki, kwa kila Mswahili, ni mlio wake. Basi msomaji ataamini kwamba amenunua kifaa cha kunyamazisha, kumbe kifaa hicho huurudisha mlio kuelekea masikioni mwake na kwa waliosimama kando yake. Mlio wa bunduki ya namna hii hupita desibeli 150, ilhali 140 huhesabiwa kuwa mpaka wa usalama wa sikio kwa mlio wa ghafla. Atakayevua vizibo vya masikio kwa kulitegemea jina hilo atalipia kosa la istilahi kwa usikivu wake, nao haurudi.

Hata mbele ya sheria vitu hivi viwili havifanani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 yataka kiwambo cha sauti kiandikishwe, wala haikihesabu pamoja nacho kifaa hiki cha gesi. Karani wa mahakama akiipokea tafsiri yenye "kipunguza mshindo" ataandika kosa ambalo mshtakiwa hakulitenda. Sisi twapendekeza "breki ya mdomo", kwa kuwa breki ni neno ambalo dereva na fundi wamekwisha kulifanya letu, na "kiwambo cha sauti" libaki kwa kile kingine.

Twawaomba wafasiri na walimu wayapime mapendekezo haya na kutuandikia. Huenda mafundi wa silaha wana maneno bora kuliko haya yetu. Lakini kabla ya kuunda neno lolote, na tuulize kwanza msomaji atafanya nini atakapolisoma.