Sanamu ya Mamillius: Usomaji wa Wheeldon katika The Winter's Tale

Katika The Winter's Tale ya Shakespeare, wivu wa Mfalme Leontes huzuka na kukomaa ndani ya usemi wake mwenyewe, pasipo ushahidi wowote. Baleti iliyotungwa na Christopher Wheeldon kwa muziki wa Joby Talbot, na kuoneshwa mara ya kwanza na Royal Ballet jijini London mwaka 2014, haina usemi huo. Wivu umehamishiwa vidoleni: mkono wa mfalme hutambaa kama buibui, taswira iliyomo katika tamthilia yenyewe, na mwili mzima hupinda kuufuata. Uhawilishaji huu umefaulu. Ngoma za Bohemia, kwa uchangamfu wake wote, ni ndefu kuliko kisa kinavyohitaji.

Hata hivyo, hoja nzito ya Wheeldon imo katika tamati. Shakespeare humwoza Paulina kwa Camillo, na mtoto Mamillius, aliyekufa kwa sababu ya wivu ule, hatajwi kabisa katika onyesho la mwisho. Baleti inaukataa usahaulifu huo. Hermione amekwisha kushuka kutoka jukwaa la sanamu na familia imeondoka. Paulina amebaki peke yake kando ya sanamu ya mtoto, nayo haisogei.