Fundi Anayesubiri Injini Ipoe

Kufungua rejeta ya pikapu ya dizeli si kazi ngumu. Kwenye Hilux zile za injini ya 3L au 5L, ambazo bado zinapanda na kushuka kati ya Mkuranga na Temeke zikiwa na mananasi, tofali na matenga ya kuku, ni bolti chache za spana namba 10 na 12, mpira wa juu, mpira wa chini, na kimpira chembamba kinachokwenda kwenye kopo la akiba. Kijana mwenye mwaka mmoja gereji anaitoa na kuirudisha asubuhi moja. Ndiyo maana fundi wa rejeta hatajwi sana vijiweni. Anayesifiwa ni fundi wa pampu ya dizeli, au yule aliyeshusha injini nzima akaipandisha ikawaka. Wa rejeta anaonekana mtu wa kumwaga maji na kujaza mengine.

Nimekaa sana kwenye benchi la gereji moja ya Mbagala, ndani kidogo ya Barabara ya Kilwa, chini ya mwarobaini, nikimtazama fundi wa makamo akiifanya kazi hii. Kinachonivutia kwake ni kiasi cha kazi anachokifanya kabla hajashika spana.

Gari linaingia linafuka mvuke, na dereva mara nyingi ameshashika chupa ya maji, anataka kufungua mfuniko aipoze. Fundi humzuia hata kabla ya kuitikia salamu.

"Mdogo wangu, hiyo weka chini. Njoo kivulini, gari ipumue."

"Fundi, nina mzigo wa watu."

"Mzigo utafika. Kaa."

Juu ya mfuniko wa rejeta pana namba ndogo ambayo madereva wengi hawajawahi kuisoma: 0.9, au 1.1 kwenye baadhi ya magari. Ni kipimo cha msukumo, kwa bar, ambao springi ya mfuniko inauzuia kabla ya kuuachia utoke. Sufuria iliyo wazi hapa pwani inachemka kwenye nyuzi 100. Maji yaliyobanwa kwa 0.9 hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Ukiufungua mfuniko yakiwa katika hali hiyo, msukumo unaondoka wote mara moja na sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo, mbele ya uso wako. Na ukimimina maji baridi ndani ya injini iliyoungua, unakitafutia ufa kichwa cha silinda. Injini hizi zinabana hewa zaidi ya mara 20 ili dizeli iwake bila plagi ya cheche. Kichwa chake kina kazi nzito tayari. Ukikipasua, tatizo la rejeta limeshageuka tatizo la injini, na bei yake nyingine kabisa.

Kwa hiyo anasubiri, lakini anaposubiri hajakaa bure. Rejeta ikiwa imebaki na uvuguvugu unaovumilika, anaipitishia kiganja polepole upande wa mbele, safu hadi safu. Panapotoka joto kwenda baridi ghafla, hapo mabomba yameziba: maji ya moto hayapiti. Anaubinya mpira wa chini kuona kama umelegea, maana mpira uliochoka hunyonywa ukajikunja ndani wakati injini inakimbia, na ukizima gari unarudi umbo lake, usione kitu. Anaikamata feni na kuizungusha kwa mkono. Feni yenye klachi, injini ikiwa bado ya moto, inapaswa kugoma kidogo; ikizunguka huru basi mafuta ya ndani ya klachi yameisha nguvu, na kwenye foleni ya Mbagala Rangi Tatu mchana wa Januari feni hiyo haivuti hewa ya kutosha. Anachungulia kitundu kidogo chini ya pampu ya maji, panapoacha alama nyeupe au ya kutu pampu inapovuja. Yote hayo yanaweza kuchemsha gari lenye rejeta nzima kabisa. Fundi mwenye haraka angeshauza rejeta mpya, na wiki ijayo gari lingerudi linafuka vilevile.

Halafu anafungua koki ya chini na kuyakinga maji kwenye beseni. Hapa ndipo ninapomwona akiwa makini kuliko popote. Anayaacha yatulie, anayatazama. Wekundu wa matofali ni kutu ya bloku: gari limekuwa likinyweshwa maji matupu kwa miaka. Utando wa rangi rangi juu ni mafuta, na hilo linamkunja uso, kwa sababu mafuta hayana njia halali ya kufika humo. Magamba meupe chini ya beseni ni chumvi na chokaa, na hayo ndiyo hadithi ya Dar es Salaam yenyewe.

Mji huu unapata maji ya bomba hasa kutoka Mto Ruvu, lakini sehemu kubwa ya pembezoni, Temeke na hata Kinondoni ya kuelekea Tegeta na Bunju, watu wamechimba visima, na vingi karibu na bahari maji yake yana chumvi. Dereva akiona geji imepanda, anasimama penye ndoo ya kwanza. Maji yale yakipata moto, chokaa inajitenga na kuganda kwenye kuta, kama inavyoganda ndani ya birika la chai. Tofauti ni kwamba birika lina nafasi. Bomba la rejeta ni bapa, uwazi wake ni milimita chache tu, na ganda dogo linatosha kulifunga. Chumvi nayo inaitoboa alumini vitundu vidogo ambavyo huvioni mpaka vianze kutoa machozi.

Wengi wanasema kulanti ni ya nchi za baridi, ya kuzuia maji yasigande, kwa hiyo sisi hatuihitaji. Fundi huyu hakubali, nami nipo upande wake. Kulanti nzuri iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri inapandisha kiwango cha kuchemka, na ina dawa za kuzuia kutu. Hapa kwetu hizo dawa ndizo tunazolipia. Anapoimwaga iliyochakaa haimwagi uwanjani. Ile kemikali, ethilini glaikoli, ni tamu mdomoni na ni sumu, na gereji ina kuku na watoto wa jirani. Anaiweka kwenye dumu lenye mfuniko.

Kuna ugomvi wa pili anaouendesha kwa subira, nao ni wa themostati. Afrika Mashariki nzima umezoeleka ushauri wa "toa hiyo, nchi yetu ina joto". Akifungua nyumba ya themostati na kukuta patupu, huwa anamwita dereva aje aone. Kile kijivali kinafunguka kati ya nyuzi 76 na 88, kutegemea injini, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuiweka hapo. Dizeli inayozunguka baridi haiungui vizuri, na silinda zinalika. Tena kuna themostati za vali mbili, ambazo vali ya pili hufunga njia ya mkato maji yanapopata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Mtu ameitoa ili gari lisichemshe, kumbe ameongeza sababu ya kuchemsha. Hii ni tabia mbaya iliyoenea kwa nia njema, na ningependa iishe.

Kununua rejeta ni safari ya Gerezani, Kariakoo. Anaibeba ya zamani begani, haendi na picha ya simu. Dukani anaziweka mbili sambamba na kulinganisha: unene wa mwili, upande wa kuingilia na kutokea maji, kipenyo cha midomo, masikio ya kufungia bolti, vikalio vya raba vya chini. Rejeta mbili za gari la jina moja zinaweza kupishana unene, na nyembamba ndiyo ya bei rahisi. Muuzaji atasema "inaingia hiyo". Itaingia kweli, lakini kuingia si kupoza. Injini ya dizeli inapeleka kwenye maji karibu theluthi ya nguvu ya mafuta inayoyachoma, na joto hilo lazima litoke kwenye yale mapezi membamba. Ukipunguza mapezi umepunguza mlango.

Si kila rejeta ya zamani inatupwa. Zile za shaba tupu, mwili wa shaba nyekundu na njano na matangi ya shaba juu na chini, zinafufuka. Upande wa Mwananyamala, Kinondoni, nimemwangalia fundi wa kulehemu akiifungua moja. Lehemu ya bati na risasi inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, shaba nyekundu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,085. Umbali huo unaonekana mkubwa, lakini hatari si kuyeyusha shaba. Hatari ni kwamba kila kiungo cha rejeta kimeshikwa na lehemu ileile. Ukipeleka moto mrefu kuunga hapa, kimefumuka pale. Alikuwa ametandika tambara bichi juu ya viungo vya jirani, akapitisha moto ukingoni mwa tangi la juu huku analivuta taratibu kwa koleo, mpaka likaachia lenyewe. Kisha akachukua ubapa mwembamba wa chuma na kuupitisha bomba kwa bomba, magamba yakaanguka chini yakiwa makavu na meupe. Kabla ya kulirudisha tangi alipiga brashi ukingo wote ukang'aa, akapaka asidi iliyoyeyushiwa zinki, kwa maana lehemu haishiki shaba chafu. Halafu akaziba midomo, akaunganisha hewa ya kompresa, na kuizamisha yote kwenye pipa la maji. Tulikaa tukitafuta povu. Alikuwa anafanya kazi hiyo nje, upepo ukimpiga mgongoni, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ya moshi wa risasi.

Ni kazi ya ukoo mrefu. Rejeta ambayo Wilhelm Maybach aliitengenezea Mercedes ya mwaka 1901, ile iliyoanzisha umbo tunalolijua, ilikuwa na vijibomba 8,070 vya mraba, kila kimoja milimita 6 kwa 6, vyote vimeunganishwa kwa lehemu. Hizi za sasa za alumini zenye matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno hazikubali moto wa aina hiyo. Tangi la plastiki likipasuka shingoni, gundi inakufikisha nyumbani, haikufikishi Kibiti. Ndiyo sababu siku hizi maneno ni kubadilisha zaidi kuliko kuziba.

Turudi Mbagala, rejeta mpya imefika. Bado haiingii. Kwanza anafungua nati ya kumwagia maji ubavuni mwa bloku na kusukuma maji ya mpira mpaka yanayotoka yawe meupe, maana kutu ikibaki ndani ya injini itahamia kwenye mabomba mapya safari ya kwanza. Ndipo anakata kipande cha boksi la katoni na kukisimamisha mbele ya feni, halafu anaishusha rejeta taratibu nyuma yake. Panga za feni zipo karibu sana, na mguso mmoja unalaza mapezi kadhaa. Yakishakaa masikio yote kwenye nafasi zake, anazianza bolti kwa vidole, zote, kabla ya kukaza hata moja. Mipira anaifuta midomo kwa kitambaa kikavu, haipaki grisi.

Kujaza maji ndiko kunakowashinda wasio na subira. Hewa ikinaswa kwenye kichwa cha silinda, pale pasipo na maji panaungua, na geji inaweza isionyeshe kitu kwa sababu kihisio chake hakipimi hewa vizuri. Anamimina mkondo mwembamba huku akiubinya mpira wa juu, anasimama, yanashuka, anaongeza. Anawasha injini mfuniko ukiwa wazi, inaunguruma pole. Mwanzoni mapovu yanatoka makubwa na hayana utaratibu. Hiyo ni hewa ya kawaida. Themostati ikifunguka maji yanazama ghafla, mpira wa chini unaanza kupata joto, anaongeza tena. Baada ya hapo mapovu yanatakiwa yaishe. Yakiendelea kuja madogo madogo, mfululizo, yakiongezeka ukikanyaga mafuta, hewa inatoka kwenye silinda: gasketi ya hedi imeungua. Nimemwona akizima gari na kumwambia mwenye mali neno hilo, pesa ya rejeta ikiwa imeshalipwa. Haikuwa rahisi kwa yeyote kati yao. Lakini alisema siku hiyohiyo, wala hakungoja gari limrudie.

Mapovu yakiisha, wanatoka na mzigo juu, kwa sababu gari tupu halithibitishi kitu. Wanashuka mpaka bonde la Mto Mzinga, wanageuza na kupanda gia ya pili, mshale wa geji ukitazamwa. Wakirudi anasubiri tena ipoe, anakaza klempu zote mara ya pili, mpira ukiwa umeshakubali umbo la mdomo, na anaongeza kilichopungua. Kisha anachora mstari wa kalamu nyeusi kwenye kopo la akiba.

"Asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama hapa. Wiki nzima. Ikishuka chini ya mstari usiongeze, njoo nayo hivyohivyo nione."