Schweitzer alifunga makasha 70, lugha akaiacha

Maandalizi ya Albert Schweitzer ya kwenda Gabon yamesifiwa kwa zaidi ya miaka mia, na sehemu kubwa ya sifa hizo ni haki yake. Mwaka 1905, akiwa na miaka 30, mhadhiri wa teolojia na mpiga kinanda mwenye jina, aliketi na vijana darasani kuanza udaktari Strasbourg. Akasomea magonjwa ya nchi za joto Paris mwaka 1912, mkewe Helene akasomea uuguzi, fedha wakazitafuta wenyewe, na makasha 70 yakawa tayari kabla ya safari ya Machi 1913. Hata akiba ya maki 2,000 aliibeba kwa dhahabu, akihofia vita. Hapo sina neno.

Neno langu liko kwenye lugha. Katika miaka yote hiyo saba na ushei, Kigaloa na Kifang, lugha za watu aliokwenda kuwatibu, hazikuingia kwenye mpango. Wala alipofika hakuzijifunza. Alifariki Lambaréné, hukohuko Gabon, mwaka 1965, bado anahitaji mkalimani. Huu ulikuwa uamuzi mbovu, na ukubwa wa jina lake haubadilishi kitu.

Mliosoma simulizi zake za miaka ya mwanzo mnamkumbuka Joseph Azoawani, mpishi aliyegeuka mkalimani na msaidizi wake. Joseph alikuwa na Kifaransa cha jikoni, basi viungo vya mgonjwa akavitaja kama vipande vya nyama buchani: huyu anaumwa paja la kondoo, yule mbavu za juu na sarara. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko. Mimi sikioni cha kuchekesha, na lawama haimhusu Joseph, aliyekuwa akibeba kliniki nzima mdomoni mwake.

Tazameni daktari alikuwa na nini mwaka 1913 kando ya mto Ogooué. Hana eksirei. Ana macho, mikono, hadubini na historia ya mgonjwa. Maumivu yalianza lini? Yanahamia wapi? Yanazidi ukila au ukikaa na njaa? Maelezo hayo ndiyo nusu ya uchunguzi, na Schweitzer aliyapokea yakiwa yamekwishachujwa na mtu asiyewahi kufundishwa lipi ni la kuacha na lipi ni la kushika. Chukua ngiri iliyobana utumbo, ambayo aliipasua mara nyingi. Saa ambazo mgonjwa amekaa na maumivu ndizo zinazomwambia daktari kama atakuta utumbo mzima au uliooza. Chukua malale. Dalili zake mara nyingi husimuliwa na ndugu: baba halali usiku, anasinzia mchana, amekuwa mkali bila sababu. Mkalimani akifupisha kuwa "anaumwa kichwa", ugonjwa umepita mlangoni. Tena yako maradhi ambayo mtu mzima hayataji mbele ya kijana wa mtaa wa pili. Mkojo unaochoma anaugeuza kuwa mgongo, na daktari anatibu mgongo.

Watetezi wake husema lugha za huko ni nyingi. Ni nyingi, lakini Kigaloa na Kifang zingempa sehemu kubwa ya foleni yake. Na kipaji alikuwa nacho. Huyu ndiye aliyeandika kitabu juu ya Bach kwa Kifaransa mwaka 1905, kisha badala ya kukitafsiri akakiandika upya kwa Kijerumani, kikubwa zaidi, kikatoka mwaka 1908. Muda pia alikuwa nao. Chama cha Bach cha Paris kilimpa piano yenye kanyagio, iliyotengenezwa kuhimili hali ya hewa ya tropiki, na aliifanyia mazoezi baada ya kazi. Mlioitazama filamu ya Jerome Hill ya mwaka 1957 juu yake mnajua muziki ulivyokuwa na nafasi katika siku zake. Saa moja ya piano ingetosha kumfundisha kuuliza, "Umelala vipi?"

Mfano bora uko jirani. Daktari wa misheni Albert Cook alifika Kampala Februari 1897 baada ya kutembea kutoka Mombasa, akaanzisha hospitali ya Mengo mwaka huohuo. Alijifunza Kiganda, akatunga kitabu cha misamiati na maswali ya kitabibu kwa Kiganda, na kitabu cha ukunga kikaandikwa kwa lugha hiyohiyo ili wakunga wa Uganda wasome kwa lugha yao. Yeye na nduguye Jack ndio waliotambua malale Uganda mwaka 1901. Sisemi ni lugha peke yake iliyowafikisha hapo. Nasema hawakuwa wakisikiliza wagonjwa kupitia jikoni.

Nimeliandika hili mara nyingi na nitaendelea. Zamani masista na mapadri wa kigeni walikaa miezi katika shule ya lugha ya Makoko, Musoma, kabla ya kukabidhiwa kazi. Leo daktari wa kigeni wa kujitolea anashuka Jumamosi, Jumatatu yuko wodini, na muuguzi mwenye wagonjwa 40 anaachishwa kugawa dawa ili akatafsiri. Chanjo za daktari huyo zimekaguliwa, bima ipo, chandarua kipo; lugha hakuulizwa. Bodi za hospitali za misheni, ongezeni sharti moja kwenye barua ya mwaliko: mgeni wa kukaa mwaka au zaidi asipewe wodi mpaka achukue historia kamili ya mgonjwa kwa Kiswahili, mbele ya muuguzi mkuu, bila mkalimani.