Lakabu za Wachezaji

Kitabu cha Jon Peterson, The Elusive Shift, kilichotolewa mwaka 2020, chatafuta asili ya mchezo ambao watu huketi mezani, kila mmoja akajivika nafsi ya mtu wa kubuni, mwamuzi akaeleza ulimwengu wao, na dado zikakata mashauri yenye shaka. Mchezo wa kwanza wa namna hii kupigwa chapa, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974. Jaladani ulijitangaza kuwa ni kanuni za michezo ya vita. Habari ya kuigiza nafsi haikutajwa. Jina hilo lilifuata baadaye, na ugomvi ukafuatana nalo.

Ubora wa kitabu ni kwamba wachezaji wa zamani wameachiwa waseme wenyewe, kwa barua na makala walizoandikiana katika vijarida vyao. Humo wamo wapenzi wa vita vya mezani, wenye kutaka kanuni za haki, na wapenzi wa hadithi za ajabu, wenye kutaka kisa kizuri. Msomaji aliyedhani mfarakano huu ni wa jana hana budi kujisahihisha.

Mwaka 1980 Glenn Blacow aliandika juu ya namna nne za kucheza: kutafuta nguvu, kuigiza nafsi, kupigana vita na kusimulia hadithi. Mwaka 2001 Ron Edwards akaleta shabaha tatu: ushindani, uigaji wa ulimwengu na usimulizi. Edwards alieleza kuwa majina hayo ni ya mchezo unavyochezwa, si ya maumbile ya mtu. Onyo hilo halikufaa kitu. Sifa ya tendo iligeuka lakabu ya mtendaji. Na lakabu, kama ijulikanavyo, haimwombi mwenyewe ruhusa. Basi mtu aliyehesabu dado zake jioni kwa ubahili wa mchuuzi, na usiku akamlilia shujaa wake aliyeuawa, ataitwaje?

Hapo kitabu chapungukiwa. Walioandika ndio wanaosikika, na aghalabu aandikaye ni yule mwenye kambi ya kuitetea. Waliocheza wakacheka wakaenda zao hawamo. Peterson alitafuta siku ambayo mchezo wa vita uligeuka kuwa wa kuigiza nafsi, asiipate. Kwa mizani ile ile angaliweza kuuliza kama mchezaji wa kambi moja tupu amepata kuketi mezani.