Wastani wa miaka 10 na bei ya benki: chombo kizuri, shamba baya



Kuna hesabu moja inayopendwa sana na vijana wenye kufuata mambo ya feza. Inasema hivi: usipime hisa, ile tunayoita pia aksyo, kwa faida ya mwaka mmoja. Chukua faida ya miaka 10, irekebishe kufuatana na kupanda kwa bei za vitu, tafuta wastani, kisha gawanya bei ya leo kwa wastani huo. Ukipata namba ndogo, hisa ni rahisi. Ukipata kubwa, ni ghali. Kwa hesabu hiyo benki kubwa za Nairobi zinaonekana kama zinauzwa bure, na kuna wenzetu wanaotaka kutia humo akiba yao yote. Mimi nilisoma agronomi, sikusoma feza. Lakini wastani wa misimu mingi ni chombo chetu cha kila siku, njo maana nataka kukikosoa hapa: kinasaidia wapi, na kinadanganya wapi kikiwekwa juu ya benki.

Kwanza tukipe heshima yake. Benjamin Graham na David Dodd waliandika mwaka 1934, Marekani ikingali chini baada ya soko la hisa kuanguka mwaka 1929. Walishauri mtu aangalie faida ya miaka isiyopungua 5, na vizuri zaidi 7 ao 10. Sababu yao ilikuwa rahisi: mwaka mmoja mzuri unalevya, mwaka mmoja mbaya unatisha. Mwaka 1988 John Campbell na Robert Shiller wakaongeza jambo la kurekebisha faida kufuatana na kupanda kwa bei, juu shilingi ya miaka 10 iliyopita si shilingi ya leo. Shiller alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2013.

Hapa hapa kuna kitu ambacho wengi wanaruka. Shiller alipima soko zima la Marekani, mamia ya kampuni pamoja. Katika soko zima, kampuni ikifa ingine inaingia mahali pake, na wastani unaendelea. Benki moja haina wa kuiingilia mahali pake. Ikifa, imekufa na wastani wake.

Kwa benki, chombo hiki kiko na faida moja kubwa. Faida ya benki si kama gunia la maharagi ambalo kila mtu anaweza kupima kwenye mizani. Kila mwaka wakubwa wa benki wanakadiria mikopo mingapi haitalipwa, na wanaweka pesa kando, ile tunayoita provizyo. Wakikadiria kidogo, faida inapanda. Wakikadiria mingi, inashuka. Wastani wa miaka 10 unapunguza nguvu ya makadirio hayo, juu mkopo mbaya uliofichwa mwaka huu utajionyesha tu mwaka mmoja kati ya hiyo inayofuata.

Sasa tuchukue mfano ambao unatugusa. Equity Group ni ya Kenya. Ilianza mwaka 1984 kama chama cha kukopesha watu nyumba, ikawa benki mwaka 2004, ikaingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2006. Huku kwetu iliingia mwaka 2015 kwa kununua ProCredit Bank Congo. Mwaka 2020 ikanunua sehemu kubwa ya BCDC, benki iliyoanzishwa mwaka 1909 wakati wa Wabelgiji, na hizo mbili zikaunganishwa kuwa EquityBCDC. Kwa hiyo si benki ya mbali. Ni ile ambayo watu wengi wa Goma walikuwa wakipitishia mshahara.

Faida yake baada ya kodi, kwa mabilioni ya shilingi ya Kenya (bilioni ni ile ile miliari yetu), ilikuwa karibu hivi: 2015, 17.3. 2016, 16.6. 2017, 18.9. 2018, 19.8. 2019, 22.6. 2020, 20.1. 2021, 40.1. 2022, 46.1. 2023, 43.7. 2024, 48.8. Hisa zake ni karibu bilioni 3.77, na mwisho wa 2024 hisa moja ilikuwa ikizunguka shilingi 48. Ukizidisha, soko lilikuwa likisema benki nzima ni ya bilioni 181 hivi.

Gawanya kwa faida ya mwaka 2024 peke yake: unapata 3.7. Gawanya kwa wastani wa miaka 10 bila kurekebisha, ambao ni 29.4: unapata 6.2. Sasa rekebisha. Bei za vitu Kenya zilipanda kwa asilimia kati ya 4 na 8 kila mwaka katika miaka ile, kwa hiyo shilingi 1 ya 2015 ilikuwa na nguvu ya karibu shilingi 1.70 za 2024. Faida ya 2015 inakuwa karibu 30, ya 2020 inakuwa karibu 26, ya 2022 inakuwa karibu 52. Wastani wa yote unafika bilioni 36, na hesabu inatoa 5. (Sehemu ndogo ya faida ni ya wenye hisa wengine ndani ya matawi, kwa hiyo namba halisi ziko juu kidogo. Haibadilishi mjadala.)

Tano! Kwa kulinganisha, wastani wa soko la Marekani tangu karne ya 19 ni karibu 17, na mwisho wa 1999, kabla ya kuanguka kwa hisa za intaneti, ulifika 44. Njo hapa rafiki zetu wanapiga kelele: bei ya bure! Ngojeni kwanza.

Angalieni tena faida zilizorekebishwa. Kuanzia 2015 mpaka 2020 zote ziko kati ya 25 na 31. Kuanzia 2021 mpaka 2024 zote ziko kati ya 45 na 52. Hakuna hata mwaka mmoja ambao benki hii ilipata bilioni 36. Ni kama shamba ambalo miaka sita lililimwa mtama, miaka ine likalimwa viazi, halafu mtu anakuja kukuambia wastani wa tani kwa hektari. Hesabu yake ni sawa kabisa, lakini shamba analolisema halijawahi kuwepo.

Nini kilibadilika? Kuanzia Septemba 2016 mpaka Novemba 2019 sheria ya Kenya ilifunga riba za mikopo, isipite alama 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mwaka 2020 Covid ikaingia, provizyo ikapanda karibu mara tano, na faida ikashuka. Mwaka 2021 provizyo ikapungua sana, na wakati huohuo BCDC ikahesabiwa mwaka mzima. Faida ikawa mara mbili kwa mwaka mmoja tu. Kwa hiyo swali la kweli linalofaa kuulizwa ni hili: miaka ine ya mwisho ni hali mpya itakayodumu, ao ni msimu mzuri? Wastani hauwezi kujibu. Unachukua majibu mawili yanayopingana na kuyakata katikati.

Kosa la pili ni la ndani zaidi, na kwangu njo kubwa kuliko yote. Kurekebisha faida kufuatana na bei kunafaa kwa mtu anayeuza kitu. Muuza fromaji wa Masisi, bei zikipanda, fromaji yake nayo inapanda. Ng’ombe wake na malisho yake havipunguki kwa sababu faranga imeshuka. Lakini shamba la benki ni pesa yenyewe. Tuseme benki iko na mtaji wa 100, inapata faida ya 15, na bei zinapanda asilimia 8. Ili mwaka ujao ibaki na nguvu ileile ya kukopesha, lazima 8 katika hiyo 15 ibaki ndani. Haijakua hata kidogo, imejaza tu shimo. Kilichozaliwa kweli ni 7.

Hesabu ya Shiller hairekebishi jambo hilo. Inabeba ile 15 yote, inaipandisha kuwa shilingi za leo, inaiita faida ya kweli. Equity ilianza 2024 na mtaji wa zaidi ya bilioni 200. Hata kwa mwaka ule mtulivu, bei zikipanda asilimia 4.5 tu, karibu bilioni 9 za faida zilikuwa za kujaza shimo. Katika nchi yenye bei tulivu mtu anaweza kusamehe. Katika nchi zetu hapana. Sisi wa Kongo tunajua vizuri zaidi: mwaka 1993 zaïre mpya 1 ilibadilishwa kwa zaïre za zamani milioni 3, na mwaka 1998 faranga 1 ikabadilishwa kwa zaïre mpya 100,000. Nani angeweza kuchukua faida ya benki ya Kinshasa ya miaka 10 ya wakati ule, kuirekebisha, na kuiita kipimo?

Tatu, unarekebisha kwa bei za nani? Tawi la Kongo limekuwa la pili kwa ukubwa katika kundi la Equity baada ya Kenya. Sehemu kubwa sana ya mikopo na akiba katika benki zetu iko kwa dola. Faida inazaliwa kwa dola Kinshasa, Lubumbashi ao Goma, kisha inaandikwa kwa shilingi Nairobi. Mwanzoni mwa 2024 dola 1 ilifika karibu shilingi 160, na kabla ya mwaka kuisha ilikuwa imerudi karibu 129. Kazi ileile, dola zilezile, lakini kwenye kitabu faida inapungua. Halafu wewe unakuja kuirekebisha kwa bei ya unga wa Nairobi. KCB nayo, iliyonunua asilimia 85 ya Trust Merchant Bank mwisho wa 2022, iko na ugonjwa uleule.

Ine, wastani hauoni kifo kinachokuja. Citigroup ya Marekani ilipata faida ya zaidi ya dola bilioni 21 mwaka 2006. Mtu aliyechukua miaka 10 ya nyuma aliona mlima. Mwaka 2008 ilipoteza bilioni 27.7, na Machi 2009 hisa yake ikashuka chini ya dola 1. Benki haikufa, lakini ili ipone ilitoa hisa mpya nyingi sana, mpaka hisa zote pamoja zikapita mara tano ya zile za kwanza. Aliyekuwa na sehemu kubwa akabaki na sehemu ndogo. Huku kwetu mwaka 2016 wateja wa BIAC walijikuta hawawezi kutoa pesa zao wanavyotaka. Benki inakopesha pesa za watu mara nyingi kuliko mtaji wake, kwa hiyo mwaka mmoja mbaya unaweza kula miaka mingi mizuri.

Na hapa Kivu hatuhitaji kufikiria mbali. Mwisho wa Januari 2025, Goma ilipochukuliwa na M23, benki zilifunga milango. Faida ya 2015 mpaka 2024 haikujua siku hiyo. Soko la Nairobi, ambalo mara nyingi tunalidharau, labda lilikuwa limejua zamani kwamba siku kama hiyo inaweza kuja, na ile 5 inayoonekana bure ilikuwa bei ya hatari hiyo. Sisemi soko haliwezi kukosea. Nasema namba ndogo ni swali, haijawa jibu.

Basi tukitupe chombo? Hapana. Mimi ningekitumia hivi. Kwanza, weka miaka kwenye mstari kabla ya kutafuta wastani, uone kama ni benki moja ao mbili. Pili, toa katika kila faida ile sehemu inayojaza shimo la mtaji. Tatu, linganisha bei na mtaji wenyewe: mwisho wa 2024 soko liliipa Equity bei ya chini kuliko mtaji wake wa vitabuni, na hilo nalo linaomba maelezo. Ine, angalia pesa iliyofika mkononi mwa mwenye hisa. Kwa 2019 gawio lilipendekezwa kisha likafutwa juu ya Covid, kwa 2020 hakuna, kwa 2021 shilingi 3, kwa 2022 na 2023 shilingi 4, kwa 2024 shilingi 4.25. Gawio ni ngumu kulikadiria kwa kalamu. Linafika ao halifiki.

Na la mwisho ni la kwetu sisi peke yetu. Kongo haina soko la hisa, kwa hiyo kijana wa Masisi anayetaka hisa anatazama Nairobi, Kampala ao Kigali, na Equity inapatikana kote kutatu. Lakini fikiria: kazi yako iko Kivu, shamba la wazazi liko Kivu, makuta yako ya likelemba yako Kivu. Ukinunua benki ambayo mguu wake wa pili uko Kongo, siku barabara ya Sake inafungwa na ofisi za Goma zinafungwa, mshahara wako na hisa yako vinaweza kuumia pamoja. Mtu wa Mombasa anaweza kununua hisa hiyohiyo kwa bei hiyohiyo, na kwake hatari ni ndogo kuliko kwako. Hakuna wastani wa miaka 10 unaokuonyesha jambo hilo, juu hesabu hiyo inapima benki tu. Haimpimi mnunuzi.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma akiba ya mwaka Nairobi sababu mtu amekuambia “ni mara tano tu,” muulize wastani huo umetoka kwenye miaka gani, na kwenye pesa gani.